Mtoto wa Kuazima

Siku hizi njaa inafundishwa kwa simu. Somo linaingia Jumatatu asubuhi, sauti laini ya mwanamke: "Habari zenu, mama zangu wazuri." Inafuata picha ya sahani iliyopangwa kwa rangi, ugali upande huu, samaki na maharage upande ule, mchicha, kipande cha parachichi, na mafuta kidogo juu yake. Mpangaji anayeitazama picha hiyo akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kule Mkuyuni juu kwenye mawe, haambiwi sahani hiyo itoke wapi. Anaambiwa tu namna ya kuipanga.

Mradi uliitwa Kijiko cha Mama. Mwalimu wake alikuwa Madam Nusrat, afisa lishe, msichana msomi na mwenye subira. Tusimsingizie. Angekuwa mtu mbaya mambo yangekuwa mepesi, tungemtukana tukalala. Alijibu kila swali aliloulizwa, hata la kipuuzi. Sharti la mradi halikutungwa na yeye: kila Alhamisi mama atume picha akiwa amempakata mtoto wake, sahani mbele yao, sura zote mbili zionekane. Anayetuma anapewa bando la wiki. Asiyetuma hapewi, na asiye na bando somo la Jumatatu linampita.

"Yai, parachichi, samaki," alisema Queen, msusi wa nywele, siku walipolisikia sharti hilo. "Huyu Madam anadhani tumeolewa na nani?"

"Na mwenye kiwanda cha samaki," alijibu Mwaija bila kuinua macho kwenye mihogo aliyokuwa akiimenya.

"Basi mume wetu mchoyo. Minofu anapeleka ng'ambo, sisi anatuletea mapanki."

Wakacheka, maana mapanki yalikuwa jikoni palepale yakichemka, vichwa na migongo ya sangara iliyokwisha kunyofolewa nyama yote. Mwaija alikuwa mtu mzima, wanawe wameshaondoka, na chumba chake cha mwisho uani alikipanga kabla viwanda vya samaki havijaota ufukweni. Alikumbuka sangara mzima alivyokuwa akiuzwa mlangoni, kichwa na nyama pamoja, mpaka mtu anaomba apunguziwe. Vijana waliposema anatia chumvi, aliwaambia, "Sawa. Mmezaliwa mifupa ikiwa imeshatangulia."

Wa tatu pale kibarazani alikuwa Justa. Alikuwa kibarua wa dagaa: kuwaanika asubuhi, kuwageuza jua likiwa kali, kuwachambua, kuwajaza kwenye magunia yanayokwenda kusagwa chakula cha kuku. Mumewe, Yakobo, alikuwa visiwani kwenye kambi ya uvuvi. Binti yao Minza alikuwa anakaribia miaka miwili, rika moja na Precious, mtoto wa Queen.

Wanawake hao walitafuta njia yao. Alhamisi waliunda sahani moja. Queen alileta yai, Justa dagaa waliopepetwa mchanga, Mwaija mchicha na kipande cha papai. Sahani ya bluu ilianza mlangoni kwa Queen, ikapigwa picha pamoja na Precious, ikahamia kwa Justa, ikapigwa picha pamoja na Minza. Halafu chakula kikapondwapondwa na watoto wote wawili wakalishwa kwa kijiko kimoja, wewe, mwenzio, wewe, mwenzio. Waliiita sahani ya zamu. Kwa huko mbali ilionekana wamekula watoto wawili, kila mmoja sahani yake. Nani wa kumlaumu? Aliyeomba picha alipewa picha.

Kilichoharibu mambo kilianzia kwingine.

Yakobo alikuja kutoka visiwani kupumzika, na mama yake akaja kutoka Bujora kumsalimu mwanawe. Wakati huo Minza alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe alimwona mtoto kifuani, akamwona mwanawe kitandani, akamvuta Justa pembeni.

"Umwachishe leo leo."

"Mama, kwenye somo wamesema tunyonyeshe mpaka miaka miwili."

"Aliyesema hivyo ana mume ndani? Unataka umbemende mjukuu wangu?"

Hakuna mzazi asiyelijua neno hilo. Mtoto anayenyonya akikonda ghafla, akalegea, nywele zikageuka rangi kama ndevu za hindi, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza mama yake amelala na nani. Kukonda kwa mtoto kunakuwa aibu ya chumbani iliyotolewa nje. Ni imani ya kale, na haijawahi kumnenepesha mtoto hata mmoja, lakini imewafunga midomo mama wengi kuliko njaa yenyewe.

Justa alipaka shubiri kwenye matiti. Minza alilia, akalamba, akatema, akalia tena, mpaka akaacha kuomba. Yakobo alirudi visiwani. Maziwa yakakauka. Ikaja homa, ikaja kuhara, na mtoto aliyekuwa akishindania kijiko na Precious akaanza kugeuza uso sahani ilipofika. Mikono ikawa myembamba. Miguu ikavimba, ikang'aa kama imepakwa mafuta.

Sasa ingekuwaje? Mume yuko visiwani, mtoto amekonda. Watu wangesema kuna mwanamume mwingine. Justa alimvalisha Minza sweta na soksi kwenye jua la Mwanza, akamfunika kitenge, na kazini akawa anamlaza nyuma ya magunia.

"Mpeleke akapimwe," Mwaija alimwambia.

"Nitampeleka, mama. Akipungua homa kidogo."

"Unangoja apone ndipo umpeleke hospitali?"

Pale kituo cha afya benchi ni moja, na waliokalia benchi wana macho. Tena wifi yake Teodora, dada wa Yakobo, naye alikuwa kwenye kundi la Kijiko cha Mama. Picha ya Alhamisi ingefika Bujora kabla ya jioni.

Alhamisi hiyo alikwenda kwa Queen na gauni la njano la Minza mkononi.

"Mama Precious, niazime mtoto."

"Nikuazime mtoto kama ungo?"

"Picha moja tu. Wakimwona Minza alivyo, nimekwisha."

Queen alimtazama. Alitaka kutania, akashindwa. Akamvua Precious fulana, akamvalisha gauni la njano na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi asifanane na Precious wa picha nyingine, akampakatisha kwa Justa. Halafu akampiga picha mtoto wake mwenyewe akiwa mtoto wa mtu.

Picha moja haikutosha, maana Alhamisi hazikuisha. Ili Precious atulie kwenye paja la Justa, alipewa yai mwanzo kabisa, kabla ya kamera. Hakuchelewa kujifunza. Akiona sahani ya bluu alimkimbilia Justa mwenyewe, akakaa, akafungua mdomo kama kifaranga. Minza alikuwa ndani, amelala, soksi miguuni.

Madam Nusrat alifurahi. "Mama Minza, umetutoa kimasomaso! Jamani, tazameni mashavu hayo." Kundi zima likajaa makofi. Teodora alimwonyesha mama yake ile picha, na kutoka Bujora simu ikapigwa: "Mkwe, nimemwona mjukuu wangu. Kanawiri. Mungu akubariki." Justa alisema asante, akakata simu, akaingia ndani kumgeuza Minza ubavu wa pili.

Siku moja Mwaija alisimama mlangoni kwa Justa, mikono ina unga wa mihogo. "Zamani muuguzi alipanda huku kwa miguu," alisema. "Mizani inaning'inizwa pale ofisi ya kata, mtoto anatiwa kwenye kaptula ya turubai, analia, na wote tunaona mshale umesimama wapi. Mtoto akipungua, amepungua mbele ya kila mtu. Kaptula ile nani angemdanganya? Mkatuletea simu. Simu inaona unachoielekezea."

"Sikuileta mimi, mama."

"Najua, mwanangu. Najua hukuileta wewe."

Halafu Madam Nusrat akatangaza kwamba atakuja Alhamisi. Mradi ulitaka kumrekodi mama wa mfano nyumbani kwake, mama mwenyewe, mtoto mwenyewe, na sahani. Sauti yake iliongeza: "Gari litakuwa na utepe wa kupimia mikono na chakula dawa. Mtoto yeyote mtakayemwona amedhoofu, mleteni. Akiwa na hali mbaya tutampeleka hospitali wenyewe, na mama yake."

Justa aliisikiliza sauti hiyo, akairudia, akairudia tena. Gari litafika mpaka mawe yanapoishia. Hospitali, na mama yake. Aliamua. Atamtoa Minza nje bila soksi, atasema ukweli, wamnyang'anye bando na sifa zao, mtoto apande gari.

Walikuja mapema kuliko walivyosema. Mwaija alikuwa bado barabarani na karai lake. Queen alikuwa ameitwa Nyegezi kumsuka bibi harusi, Precious akabaki kwa Justa. Na juu ya hayo mama mkwe alikuwapo. Teodora alimwambia mjukuu atatoka kwenye video, naye akaondoka Bujora alfajiri, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kibarazani kungoja, maana Justa alimwambia mtoto bado amelala.

"Shikamoo, bibi," Madam Nusrat alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kumwona mjukuu wangu."

Kijana wa kamera alikuwa anatafuta mahali penye mwanga. Justa alitoka ndani na Minza mikononi, bila sweta, bila soksi. Aliketi kibarazani, kichwa cha mtoto kimelala kwenye bega lake.

"Madam," alisema, "huyu ndiye Minza."

Nusrat aliweka mkoba chini. Alizungusha utepe kwenye mkono wa mtoto, ukasoma nyekundu. Akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo lilibaki.

"Huyu hafai kupewa chakula dawa hapa," alisema, sauti imebadilika. "Huyu ni wa hospitali, leo, sasa hivi. Mama yake yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Mama Minza, tafadhali."

"Ni mimi, Madam. Yule wa kwenye picha ni wa jirani. Nilimwazima."

Nusrat alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoua. Kwenye semina walikuwa wameonywa: kuna mama wanaobeba watoto wagonjwa wa wenzao ili wapewe vifurushi vya chakula dawa, wakaviuze sokoni. Walionyeshwa hata mifano. Miezi yote hii alikuwa akiutazama uso wa Minza kila Alhamisi, aliujua kama uso wa mdogo wake, na haukuwa huu.

"Usifanye hivi," alisema taratibu. "Wewe ndiye mfano wetu. Ukitaka msaada niombe tu, usitumie mtoto wa mtu."

"Ninaapa. Mama, mwambie!" Justa alimgeukia mama mkwe. "Mama, huyu si Minza?"

Mama mkwe alikuwa amesimama. Alimtazama mtoto, nywele zake, miguu yake. Labda hakumtambua, maana alimwacha mnene na anayecheka. Labda alimtambua, akaona na jambo lingine, mwanawe visiwani, majirani milangoni, kamera.

"Mjukuu wangu nimemwona kwenye simu," alisema. "Ana mashavu."

Majirani walikuwapo, milango miwili mitatu. Mwanamume mmoja akakohoa, akaingia ndani. Wapangaji hawapendi kuulizwa mambo na watu wenye gari.

Kijana wa kamera ndiye aliyeiona sahani. Ilikuwa dirishani, yai juu yake, Justa alikuwa ameiandaa kwa mazoea tu. Aliichukua aitafutie mwanga. Precious, aliyekuwa akicheza na vifuniko vya chupa, aliiona ile bluu ikipita. Akainuka. Akapita katikati ya miguu ya watu wazima, akamfikia Justa, akapanda kwenye paja lake, akamsukuma Minza pembeni kwa kiwiko, akakaa, akafungua mdomo.

"Mtoto hasemi uongo," Nusrat alisema mwishowe. Alikuwa karibu kulia. Akainama, akamgusa Minza shavuni. "Mtafuteni mama yake. Mwambieni asingoje kesho. Angekuwapo ningempakia garini sasa hivi, lakini mtoto asiye na mzazi siruhusiwi kumchukua. Naomba, bibi, simamia jambo hili."

"Nitasimamia," alisema mama mkwe.

Gari liligeuka kwa shida kati ya mawe, likateremka. Mwaija alikuwa anapanda na karai kichwani, akapishana nalo, akasogea pembeni vumbi lisiingie kwenye mihogo. Alipofika uani na kusikia, alilitupa karai, akakimbia kulifuata mpaka barabara ya lami. Mwanamke wa umri ule, kandambili moja imebaki kwenye jiwe. Lami ilikuwa na magari mengi, na lile halikuwamo.

Justa alikwenda mwenyewe. Pikipiki ya kwanza ilikataa kubeba mtoto anayekaribia kukata roho. Ya pili ilikubali. Kwenye benchi la hospitali walikuwa mama kama kumi, na muuguzi aliuliza kwa sauti, kama wanavyouliza siku zote:

"Mama wa mtoto huyu?"

"Mimi."

Mmoja alimnong'oneza mwenzake. Neno lile lilisikika, halikufichwa sana.

"Ndiyo," Justa akawaambia. "Semeni. Nimembemenda, nimefanya lolote mnalotaka. Ila ni wangu, mwandikeni ni wangu."

Wakamwandika. Walimpokea vizuri, tuseme haki. Walimtilia mrija puani, wakampa maziwa maalumu kidogo kidogo, daktari akamweleza kila kitu kwa upole. Alimuuliza pia kwa nini amechelewa. Minza alikaa Ijumaa. Jumamosi mchana, wakati wauguzi wanapokezana zamu, alifungua macho akamtazama mama yake muda mrefu, kama anayemkagua. Halafu hakumtazama tena.

Queen aliposikia alichukua simu, akabonyeza, akaongea kwenye kundi mbele ya mama mia mbili. "Mtoto mliyekuwa mnamsifu ni wangu. Anaitwa Precious. Minza ni yule mliyemkataa Alhamisi, na amekufa. Sasa pigeni makofi." Walioisikia sauti hiyo ni wachache. Mtu mmoja huko juu aliifuta. Pakabaki maandishi madogo kwamba ujumbe huu umefutwa, na chini yake kumbusho la picha za Alhamisi.

Madam Nusrat alikuja msibani Bujora peke yake, bila gari la mradi. Alikaa mkekani nyuma ya wanawake wote, kichwa amekiinamisha. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Mama mkwe alilia kwa nguvu kuliko watu wote, akiliita jina la Minza, jina ambalo mtoto alirithi kutoka kwa mama wa bibi huyo, aliyekwisha kufa. Yakobo alifika baada ya kaburi kufukiwa, boti haikupata mafuta. Alisimama kwenye udongo mbichi, nguo zinanuka samaki, hajui aweke wapi mikono.

Na msiba ule ulikuwa na chakula. Hapo ndipo mtu mwenye akili anapotaka kupiga kelele. Balozi wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba kule Mkuyuni, wale wale waliokuwa milangoni wakatoa, na walitoa kwa moyo. Vibarua wenzake wa dagaa walichanga. Mtu wa kiwandani alileta sangara wazima, wanene, na nyama zao. Bujora wakaongeza kuku, maharage na mchele wa shambani. Palipikwa mchicha sufuria nzima, mapapai yalikatwa, ndizi zilitundikwa mkungu kwa mkungu. Ukoo ulichinja na ng'ombe. Sisi watu wa hapa kuzika tunakujua. Hajawahi kufa mtu tukashindwa kupika.

Watoto walikula siku hiyo. Walikula mpaka wakalala chini ya turubai, vidole vina mafuta, Precious katikati yao.

Justa alikuwa ndani, ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Tangu hospitali hakuwa ametia kitu mdomoni. Mwaija aliingia na bakuli, akakaa mbele yake, akachambua miiba.

"Kula, mwanangu."

"Siwezi, mama."

"Hata kidogo."

Alimwekea tonge mdomoni. Justa alilishikilia bila kutafuna. Halafu akatafuna. Alikuwa na njaa, na haikuwa njaa ya siku zile tu. Samaki alikuwa mtamu. Alipoligundua hilo aliweka mikono usoni, mabega yakaanza kutikisika, lakini mdomo haukuacha kutafuna. Mwaija akamega tonge jingine, akalishikilia hewani, akamngojea ameze.